Mbegu Tuliyoipokea Kama Mgeni

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino na sketi niliyoshonewa kwa ajili ya Pasaka. Nilidhani mtafiti ni mtu wa kukaa ofisini mbele ya meza pana, akiandika. Mkuu wa Kituo chetu cha utafiti wa kilimo alinitazama kuanzia juu hadi chini, akatazama nje ambako ukungu wa Njombe ulikuwa bado umelala juu ya matuta ya viazi, halafu akaniuliza, "Mwalongo, una swali lolote?"

"Hapana, mzee. Sina swali," nikajibu kwa adabu, kama tulivyozoeshwa shuleni.

"Basi hujaanza kazi. Hapa tunataka watu wenye maswali. Nenda shambani, ukipata moja urudi."

Nikaenda. Visigino vilizama kwenye matope mpaka nikavivua, nikatembea pekupeku kwenye baridi ile. Jioni nikarudi na swali: kwa nini viazi vya tuta moja vina majani ya njano, na vya tuta la jirani havina? Mkuu wa Kituo akacheka, akaagiza niletewe chai na buti za mpira. Kumbe hatua ya kwanza ya utafiti ndiyo hiyo, na mimi niliianza bila viatu.

Ninyi mnaosoma leo mna mashine inayowajibu kabla hamjamaliza kuuliza. Siwaonei wivu. Sisi tulifundishwa kwenda polepole. Ukishapata swali, unasoma waliotangulia waliandika nini, usije ukahangaika na jambo ambalo mwenzako alishalimaliza. Kisha unatoa dhana, yaani jibu la kukisia ambalo uko tayari lipimwe na likataliwe. Hapo ndipo wengi hukwama, maana mtu akishaipenda dhana yake huidekeza kama kitindamimba. Mkuu wa Kituo alikuwa akipita nyuma ya meza zetu akiuliza, "Ni kitu gani kitakachokufanya ukubali kwamba umekosea?" Usipokuwa na jibu, alikurudishia karatasi zako, tena bila tabasamu.

Kazi iliyoniingiza hatua zote hizo kichwani ilikuwa ya kijiji cha Kichiwa. Kituo kilipata mbegu mpya ya viazi, nasi tukataka kujua kama inazaa kuliko ile ya zamani ambayo wenyeji walikuwa nayo tangu enzi za bibi zao. Utaratibu ulikuwa mwepisi kuusema: kila kaya iliyojitolea ipande mbegu mpya na ya zamani bega kwa bega, udongo uleule, mbolea ileile. Ile ya zamani ndiyo tuliyoiita kilinganisho. Bila kilinganisho, utasemaje kwamba kitu ni kirefu wakati hakuna kingine pembeni yake?

Mwenyekiti wa kikundi cha wakulima alikuwa Mama Ester, mwanamke mnene, mcheshi, sauti yake ikisikika bonde la pili. Mbegu yake ya zamani alipewa na mama mkwe wake siku alipoolewa. Viazi vya bondeni, kwenye bustani zile za unyevu wanazoziita vinyungu, ndivyo vilivyolisha nyumba yake kabla mahindi hayajakomaa. Mbegu mpya aliipokea kwa vigelegele. Kijiji kizima kikaipa jina la Mgeni.

Wakati wa kupanda mimi nilitumwa Bulongwa kwenye jaribio jingine, kwa hiyo kupanda kulisimamiwa na bwana shamba wa kijiji. Nilirudi wakati wa mavuno. Tulipimia uwanjani pa shule, kila kaya ikileta vikapu vyake. Ajabu! Mgeni alishinda kila nyumba, tena kwa mbali. Akina mama wakacheza. Mkuu wa Kituo alipopata habari alisugua viganja vyake. "Mwalongo, andaa ripoti. Tutafanya sikukuu ya wakulima palepale Kichiwa, tutangaze." Mama Ester naye alikwishaamua: mbegu ya mama mkwe iende na lori la Makambako ikaliwe huko, msimu ujao apande Mgeni mtupu, mlimani na bondeni. Wenzake wote walikuwa wakimfuata yeye.

Lakini kabla ya ripoti kuna uchambuzi, na kompyuta ilikuwa Makambako. Nikashuka na karatasi zangu mpaka kwa Afisa Takwimu, mzaliwa wa Matamba, mtu wa maneno machache aliyevaa kofia ya sufu hata ndani ya nyumba kwa sababu ya upepo wa mji ule. Yeye ndiye aliyenifundisha kusafisha data, yaani kutafuta makosa kabla ya kutafuta jibu: uzito uliorukwa, sifuri iliyozidi, kaya iliyoandikwa mara mbili. Tulisafisha, tukaingiza, akabonyeza, akaisogelea skrini.

"Dada," akasema, "hawa watu wa Kichiwa wamekubaliana mno."

"Si ndiyo vizuri?"

"Sisi nyumbani kwangu tuko wachache, na hata chumvi ya mboga hatukubaliani. Hivi vishamba vilikuwa upande gani wa shamba?"

"Bega kwa bega. Ndivyo tulivyoelekeza."

"Sikuulizi mlivyoelekeza. Nauliza vilivyokuwa. Mashine hii inajua ulichoiambia tu, na hilo hujaiambia."

Nikakusanya karatasi zangu. Kesho yake nikapanda gari la kwanza kwenda Kichiwa, nikiwaza lile lori. Nilifika kwa Mama Ester nikakuta viazi vya mama mkwe vimeshapangwa kwenye magunia barazani, midomo imeshonwa.

"Kamwene, Mama Ester," nikamsalimu kwa lugha ya kwao.

"Kamwene, mwanangu! Mbona unahema hivyo? Karibu ukae, chungu kiko jikoni."

"Nitakaa, mama. Kwanza naomba unionyeshe Mgeni alipandwa wapi."

Akanizungusha nyuma ya nyumba. Shamba lake lilianzia mlangoni mwa banda la ng'ombe likashuka mpaka bondeni. Palepale chini ya banda, kwenye udongo mweusi ulionona kwa samadi ya miaka, ndipo alipolala Mgeni. Mbegu ya zamani ilipandwa huko chini kabisa, karibu na mawe.

"Mama, mbona hamkuvipanda pamoja?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza kwa nini anavaa nguo. "Sasa mwanangu, mgeni unamkalisha kwenye mawe? Mmetuletea mbegu kutoka mbali, tuilaze pabaya, nyie mtatuonaje? Hii ya kwetu ni mwenyeji, inajua kuvumilia."

Nikazunguka kaya nyingine. Hadithi ilikuwa hiyohiyo kila mahali: Mgeni kwenye samadi, mwenyeji kwenye mawe. Hakuna aliyedanganya wala aliyepuuza maelekezo. Walikuwa na adabu tu, adabu ileile iliyomfanya kila mmoja anikalishe na kunipa viazi vya kuchemsha, nikawa sipumui vizuri kwa shibe. Tulidhani tumepima mbegu, kumbe tulipima ukarimu wa Kichiwa. Nilimwomba Mama Ester asipakie magunia mpaka siku ya sikukuu, akakubali kwa shingo upande.

Mkuu wa Kituo nilimkuta akihakiki ratiba. Nilipomweleza, uso wake ukaiva. "Mwalongo, nimeshaalika mgeni rasmi! Kwaya imefanya mazoezi! Unataka nikasimame pale niseme nini?"

Nikamuuliza swali lake mwenyewe: "Mzee, ni kitu gani kitakachokufanya ukubali kwamba umekosea?"

Akaiweka ratiba mezani. Kisha akavua miwani, akaanza kucheka mpaka akalazimika kuketi. "Umeninasa, binti. Haya, twende tukaaibike pamoja."

Hatukuaibika sana. Siku ya sikukuu alisimama mbele ya watu akasema waziwazi kwamba bado hatujui, na kwamba mtafiti anayetangaza asichokijua anacheza na chakula cha watu. Mama Ester akapaza sauti kutoka katikati ya umati, "Kwa hiyo magunia yangu niyarudishe ndani?"

"Yarudishe, mama. Tafadhali," akajibu Mkuu.

"Na dereva wa lori nimwambie nini?"

"Mwambie aje ale."

Kwaya iliimba vilevile, wali ukaliwa, na akina mama wakamsaidia kurudisha magunia ndani huku dereva akinung'unika na mnofu mdomoni.

Msimu uliofuata tulipanda upya. Safari hii nafasi ya kila mbegu, mlimani na bondeni, iliamuliwa kwa kura, jambo ambalo wataalamu huliita mpangilio wa nasibu: mtu asichague, hata kwa nia njema. Tulitia punje za maharage na za mahindi kwenye kofia ya Mama Ester. Ukitoa harage, hapo apandwe Mgeni. Ukitoa hindi, mwenyeji. Mzee mmoja alilalamika kwamba hajawahi kuona mgeni akipigiwa kura alale wapi. Nami safari hii sikwenda popote. Nilisimama kwenye kila tuta mpaka kiazi cha mwisho kikafukiwa.

Mwaka huo sakitu, yaani umande ulioganda, ilishuka mapema, viazi vikiwa bado shambani. Asubuhi bonde lote lilikuwa jeupe. Mgeni wa bondeni alikauka, akawa mweusi kama aliyeunguzwa kwa moto. Mwenyeji alijikunyata, kisha akachipua tena. Huku juu ambako baridi haikukaa, Mgeni alizaa kweli, hata alipokuwa mbali na samadi. Tukapata jibu ambalo hakuna aliyelikisia: Mgeni apandwe juu, mwenyeji abaki na bonde lake. Mama Ester alisimama pale bondeni, akashika majani mabichi ya mbegu ya mama mkwe wake, akalia. Kama magunia yale yangepanda lori, nyumba yake na za wenzake zingengoja mahindi kwa njaa. Nililia naye, wala sikuona haya.

Baadaye niliacha kazi ya kituo, kampuni moja ya mafuta ya alizeti ikanichukua Makambako kwenye idara ya masoko. Meneja Masoko alikuwa kijana mwenye haraka. Alitaka dodoso, ile karatasi ya maswali kwa wateja, lipite nyumba kwa nyumba likiwa na swali, "Je, mafuta yetu ni mazuri?" Tulilijaribu kwenye mtaa mmoja kwanza, kwa maana dodoso nalo hupimwa kabla ya kupima watu. Kila mtu alijibu "mazuri sana", akatukaribisha na chai.

"Tumeshinda!" Meneja akasema.

"Meneja," nikamwambia, "sasa tuombe kuona jikoni."

Jikoni tulikuta chupa za kampuni nyingine. Meneja hakunisemesha mpaka jioni, lakini dodoso akalibadilisha, na kuanzia hapo tukawa tunauliza watu walipikia nini jana. Sayansi, kompyuta na biashara vimenifundisha kitu kimoja: swali liwe la kweli, pawe na kilinganisho, kisha uende ukaone kwa macho yako.

Nimestaafu sasa, niko kwangu Njombe na ng'ombe wangu na bustani. Juzi alinijia binti wa chuo, Neema, na kishikwambi chake, anafuatilia mbegu nyingine mpya ya viazi waliyotugawia. Nilifurahi mno kuona mtafiti mlangoni kwangu. Nilimpa kiti kizuri, nikamchemshia viazi vya ile mbegu ya Mama Ester, ambayo naipanda mpaka leo, na wakati anakula nikamsimulia habari zote za Kichiwa. Alicheka mpaka akapaliwa. Kisha akafuta mikono, akaanza maswali yake.

"Bibi, hii mbegu mpya unaionaje?"

"Nzuri sana, mjukuu wangu."

Akaandika. Akaaga, shikamoo ya pili. Akafika getini, akasimama, akarudi.

"Samahani, bibi. Naomba nione shamba."

Nikamtangulia nyuma ya nyumba, nikiwa nimejaa fahari. Viazi vyake vilikuwa vimestawi vizuri, majani mapana, hapo chini ya banda la ng'ombe. Neema akatazama viazi, akatazama banda, akatazama bondeni nilikopanda vya Mama Ester, halafu akanigeukia. Nilifungua mdomo kujitetea, lakini kilichonijia ulimini kilikuwa "sasa mgeni unamkalisha kwenye mawe?", nikaufunga.

Neema akalifuta jibu langu kwenye kishikwambi.

"Bibi," akasema, "naomba maharage, mahindi na kofia."