Alama Moja ya Arei

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni nilifundisha kompyuta kambini Kakuma. Kompyuta zenyewe zilikuwa mbili, na jenereta ilikuwa na nongwa. Kwa hiyo wanafunzi waliandika programu kwenye madaftari, nami nikasahihisha kwa kalamu nyekundu. Kalamu yangu ndiyo ilikuwa mashine. Nikikumbuka hadi leo nachukia.

Mtihani wa Java, lugha ya kuandikia programu, uliuliza kama arei, yaani safu ya visanduku vya kuwekea namba, ni objekti, yaani kitu kamili kinachobeba habari zake chenyewe. Mama mmoja, mkimbizi kutoka kusini mwa Sudan, akaandika ndiyo. Nikamwekea kosa. Mimi nilisomea lugha za kompyuta za zamani, ambazo kwazo arei ni safu tu, basi. Alama hiyo moja ikamnyima nafasi ya mwalimu msaidizi, iliyokuwa moja tu, ikaenda kwa mwenzake Mkongo. Nikaitia sahihi orodha ya matokeo, ikapelekwa ofisini mjini Lodwar.

Mama akaja na daftari. Akaniuliza, kwa upole ulionikera zaidi, kama si objekti mbona ukiiuliza urefu wake inajibu yenyewe. Nikamwambia nilivyofundisha ndivyo. Ala! Joto lenyewe lilikuwa la kuivisha maharagwe, halafu mtu anihoji darasani kwangu. Nikamwambia tungoje jenereta, nikijua atachoka.

Hakuchoka. Jumamosi jenereta ikakubali kunguruma. Akaandika mstari mmoja, wa kuiweka arei mahali panapopokea objekti peke yake. Nikangoja mashine iukatae. Haikuukataa. Nilishikwa na aibu mpaka masikio yakawaka.

Jumatatu nikapanda lori hadi Lodwar. Karani wa ofisi akanisalimu kwa Kiturukana, ejok, kisha akanieleza kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba orodha yenye sahihi haibadilishwi, labda mwalimu aandike barua akiri kuwa alichofundisha hakukijua. Nikafura. Nikatoka nje nikazunguka jengo mara mbili, nikimlaani yeye, jenereta na aliyebuni Java. Kisha nikarudi ndani nikaiandika.

Niliporudi Kakuma nikampelekea mama habari kwamba nafasi ni yake. Nilitarajia ashukuru, Mungu anisamehe. Akafunga daftari lake polepole.

“Yule Mkongo aliandika hapana kwa sababu wewe ulimfundisha hapana,” akasema. “Nenda ukamwambie mwenyewe, mwalimu.”

Nikamkuta Mkongo tayari anafuta ubao, akijiandaa kwa kipindi chake cha kwanza.