Perpetua Nerima wa Elburgon, Aliyejishtaki kwa Dawa ya Nyayo

Siku ya Jumatatu, tarehe 14 Agosti mwaka wa 1967, katika nyumba za wafanyakazi wa reli mjini Nakuru, alizaliwa Perpetua Nerima, mtoto wa nne wa Mzee Makokha, fundi wa injini za garimoshi aliyetoka Magharibi mwa Kenya. Alibatizwa mwezi uliofuata. Tunayaandika maisha yake kwa sababu wengi wetu hapa Elburgon tunamwita mtakatifu, ingawa Kanisa halijatamka neno hilo, nalo lina wakati wake. Tumeandika yale tuliyoyaona kwa macho, au tuliyoyasikia kutoka kwa watu wawili waliokubaliana. Yaliyosemwa na mtu mmoja peke yake tumeyaacha, maana tumeona jinsi neno la mtu mmoja linavyoweza kuuchoma mji mzima.

Mama yake Nerima alikuwa na ugonjwa wa ngozi mikononi, magamba meupe yaliyopasuka na kutoa damu wakati wa baridi. Majirani hawakunywa chai yake. Kanisani, wakati wa kupeana amani, walimwinamia kichwa kutoka mbali na kuficha mikono yao ndani ya leso. Wengine walisema ni ukoma. Wengine walisema alikula kiapo cha uongo kwao. Mwaka wa 1979, Nerima akiwa na miaka kumi na miwili, alimsindikiza mama huyo kwenye zahanati ya reli. Daktari aliishika ile mikono bila glavu, akaigeuza mbele ya dirisha, akasema watu wote wa foleni wakisikia: "Ugonjwa huu hauambukizi. Anayemwogopa mama huyu aniogope na mimi." Nerima alisimulia siku hiyo mara nyingi. Alisema wito wake haukuja kwa ndoto wala kwa sauti. Ulikuja kwa kumwona mtu akishikwa.

Alisoma kwa shida, akahitimu utabibu mwaka wa 1991, kisha akaongeza masomo ya magonjwa ya ngozi. Hakuolewa. Mwaka wa 2004 aliletwa Elburgon, katika hospitali ndogo ya kanisa, akapewa kliniki ya ngozi ya watu wazima siku za Jumanne na Alhamisi. Walimjia wapasua mbao ambao vumbi la misonobari limewakausha viganja, wamama wa mashamba ya viazi waliowashwa na dawa ya kunyunyizia, na wazee waliojikuna usiku kucha. Wengi walimshuku. Kwa watu wetu, dawa ya kweli ni sindano. Mzee mmoja wa Mariashoni alimwambia, "Daktari, nimetembea tangu saa kumi na moja, na wewe unanipa mafuta? Mafuta iko nyumbani, hata ng'ombe yangu iko na yake." Nerima alimjibu, "Basi mzee, tumia hii wiki mbili. Ikishindwa, nitakuja kuomba ya ng'ombe." Alimtazama kila mgonjwa mbele ya dirisha, akagusa, akauliza, ndipo akaandika dawa. Na aliandika vizuri sana. Juu ya kila boksi aliandika kwa Kiswahili mahali pa kupaka, mara ngapi, na siku ngapi, kwa mwandiko ulionyooka kama mistari ya shamba la chai. Aliupenda mwandiko huo. Baadaye alikiri kwamba ni hapo ndipo adui alipojificha.

Mwezi wa Februari mwaka wa 2019 alimpokea Mzee Kipngeno, mfanyakazi wa kiwanda cha mbao, ambaye nyayo zake zilikuwa nene na zimepasuka hata akawa anatembea kwa pembe za miguu. Nerima alimwandikia dawa ya kupaka yenye nguvu nyingi, ile ambayo ngozi nene ya unyayo inaweza kuivumilia, lakini ngozi nyembamba ya uso haiwezi. Juu ya boksi aliandika: Nyayo tu. Usipake usoni. Kipngeno alipona, akashukuru, akaendelea kurudi kuomba nyingine. Kipngeno hakujua kusoma. Mkewe Cheptanui hakujua kusoma. Na Nerima hakuwauliza.

Katika jumuiya yetu ndogo ya kanisa kulikuwa na desturi, na tulijivunia, kwamba aliyepokea kitu chema hakili peke yake. Maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa hugawanywa, na mahindi ya kwanza hugawanywa. Hivyo Cheptanui alipoona nyayo za mumewe zimekuwa kama za mtoto, alichukua kijiti safi, akaitoa ile dawa kwenye tyubu, akaigawa katika vikopo vidogo, akatuletea sisi wanawake. Boksi lenye maneno lilibaki kwake, likatumika kuwashia jiko. Tulipaka nyusoni: mwenye madoa, mwenye ukurutu, mwenye mapunye shavuni. Kwa siku tatu kila kitu kilitoweka na nyuso zikang'aa. Mwandishi wa maneno haya alipokea kikopo chake na kumshukuru Mungu.

Baada ya miezi miwili mambo yaligeuka. Ukiacha kupaka siku moja, uso unawaka kama umepakwa pilipili. Vipele vilitokea kuzunguka mdomo, mishipa myekundu ikaonekana mashavuni, na yale mapunye tuliyodhani yamekufa yalikuwa yakitambaa kimyakimya chini ya ngozi. Ukipaka tena, moto unatulia. Kwa hiyo tulisema: dawa ya hospitali ndiyo inayotuponya, basi ni nani anayetuchoma? Tukaanza kumtafuta mtu. Tukampata Namalwa, mjane aliyekuja kutoka Magharibi, aliyeuza sabuni na mafuta ya kujipaka sokoni, ambayo karibu sote tuliyatumia. Mji wetu unajua kumtafuta mtu wa kuja. Waliokuwapo wakati wa ghasia za uchaguzi wa mwaka wa 2007 hawahitaji kuelezwa. Wanawake walipita mbele ya kibanda chake wakiziba pua. "Mama Namalwa, leo umechanganya nini, nyoka ama mjusi?" Naye aliwajibu, "Nimechanganya ulimi wako, ndiyo maana inawasha." Walicheka mbele yake, lakini hawakununua. Kufikia mwezi wa Julai kibanda chake kilikuwa kimerushiwa mawe mara mbili.

Nerima aliona nyuso zile kliniki na hakuelewa. Tulipoulizwa tunapaka nini, tulitaja mafuta ya Namalwa tu. Kile kikopo kingine tulikificha, tukihofia kwamba daktari akijua atamkatia Kipngeno dawa. Na Nerima, ambaye naye alikuwa mtu wa Magharibi, aliogopa kusemwa kwamba anamlinda wa kwao. Kwa hiyo alinunua kopo la Namalwa mbele ya watu na kulipeleka maabara mjini Nakuru. Majibu yalirudi: hakuna zebaki, hakuna dawa yoyote iliyofichwa, ni mafuta tu. Hatukumwamini. Tulisema amebadilisha kopo njiani. Wazee wa jumuiya wakaweka siku ya kumtoa Namalwa katika jumuiya na kumtaka ahame sokoni. Alikuwa na watoto watatu na hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Siku mbili kabla ya mkutano huo, Kipngeno alikuja kuomba tyubu ya tano katika wiki saba zilizopita. Nerima alikuwa na kipimo alichofundishwa chuoni: dawa ikikamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada mpaka kiungo cha kwanza, inatosha unyayo mmoja. Kwa nyayo mbili, tyubu moja humaliza mwezi. Aliweka kalamu chini. Muuguzi aliyekuwapo chumbani, pamoja na Kipngeno mwenyewe, wametueleza maneno yaliyofuata, na wamekubaliana.

"Mzee, hebu vua viatu." Nyayo zilikuwa zimepona kitambo. "Sasa hii dawa inaenda wapi?"

"Inaenda miguu, daktari."

"Miguu ya nani? Una miwili tu, ama kuna mingine umeacha nyumbani?"

Kipngeno alicheka, kisha akaona kwamba daktari hacheki. "Ni mama nyumbani hugawia wamama wa jumuiya. Sasa tungefanya nini? Kula peke yako ni dhambi."

"Wanapaka wapi?"

"Uso."

"Na kwa boksi niliandika nini?"

"Mimi sijui, daktari. Niliona tu umeandika vizuri."

Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa ameunganisha mambo haya. Nerima angeweza kusitisha dawa, akangoja nyuso zipone, na lawama ibaki pale ilipokuwa. Jioni ile alimwandikia mkuu wa hospitali barua ya kujishtaki.

Siku ya Alhamisi, tarehe 22 Agosti mwaka wa 2019, jumuiya ilikutana nyumbani kwa mwenyekiti, Mzee Kipyegon. Namalwa alikaa peke yake karibu na mlango, kikapu chake miguuni. Nerima alipoingia, mama mmoja alisema kwa sauti, "Si niliwaambia? Daktari amekuja kutetea dada yake." Nerima akasema, "Sikuja kutetea mtu. Nimekuja kujishtaki." Aliinua boksi jipya la ile dawa, alilokuwa ameliandika maneno yaleyale, akauliza ni nani atalisoma. Tulikuwa wanawake ishirini na watatu. Wawili tu ndio walioweza kulisoma. "Dawa iliyowachoma ni hii," alisema. "Niliiandika mimi, tena na tena, na sikuhesabu. Niliandika maneno kwa watu ambao sikuwauliza kama wanasoma. Mafuta ya Mama Namalwa hayana kosa." Ndipo kelele zikageuka upande mwingine: "Basi ni Cheptanui ametuharibu!" Cheptanui alianza kulia. Nerima akasimama mbele yake. "Cheptanui aligawa alichopewa, kama mlivyofundishana hapa. Hakujua nguvu yake. Mimi nilijua. Mkitaka mtu, mtu ndiye huyu."

Mzee Kipyegon hakushawishika. Alisema mtu anaweza kujitwika kosa ili kumwokoa wa kabila lake, na wengi walitikisa vichwa kukubali. Nerima akajibu, "Msiniamini. Acheni dawa yangu leo, endeleeni na mafuta ya Namalwa, na mjitazame." Ndipo Namalwa aliposema neno lake moja la siku hiyo: "Na wewe ulipeleka mafuta yangu maabara. Ulinishuku kabla ya kujishuku." Nerima alisema, "Ndiyo. Nilikushuku wewe kwanza, kwa sababu ilikuwa rahisi. Nisamehe." Namalwa alichukua kikapu chake akatoka.

Uamuzi uliahirishwa, lakini majuma yaliyofuata yalikuwa mabaya kuliko yaliyotangulia. Dawa kali ikiachwa, ngozi hulipiza. Nyuso zilivimba na kuwaka, na waliomshuku walisema sasa uongo wake umeonekana. Kwa ile barua yake, Nerima alikuwa amezuiwa na mkuu wa hospitali kuandika dawa kwa miezi minne. Daktari mwingine kutoka Nakuru ndiye aliyetuandikia dawa ya mapunye. Nerima alipita nyumba kwa nyumba na beseni na vitambaa vya maji baridi, akituwekea usoni. Kuna nyumba ambayo maji hayo yalimwagwa miguuni pake. Kesho yake alirudi tena. Kufikia mwisho wa Oktoba nyuso zilikuwa zimepoa, nyingi zikiwa zinapakwa mafuta ya Namalwa kila asubuhi. Hapo hapakuwa na la kubishania tena, ingawa wapo waliobisha, na shauri la kumtoa Namalwa likaachwa.

Aliporudishwa kazini mwaka wa 2020, hakuandika tena juu ya boksi kabla ya kumwuliza mgonjwa kama anasoma. Alimtaka kila mmoja akamue dawa kwenye kidole chake mwenyewe, aonyeshe mahali atakapoipaka, na aseme kwa kinywa chake siku ya kuacha. Kisha aliuliza, "Na nani mwingine nyumbani ataipaka?" Aliuliza bila hasira, akangoja jibu. Alimwomba padre ukumbi wa kanisa, na darasa la kusoma la watu wazima likaanza, Alhamisi baada ya kliniki. Somo la kwanza lilikuwa boksi la dawa. Kila siku ya soko alinunua mafuta kwa Namalwa mbele ya watu wote na kujipaka. Kila Jumapili watu waliutazama uso wake, wakingoja uharibike. Haukuharibika. Namalwa alimuuzia kila mara, na katika miaka mitatu hakumwambia neno zaidi ya asante.

Alifariki siku ya Ijumaa, tarehe 6 Oktoba mwaka wa 2023, kwa ugonjwa wa figo, nyumbani kwa kaka yake, mtaa wa Kiamunyi mjini Nakuru, na huko ndiko alikozikwa. Wapo wanaosema kaburi lake linanukia mafuta wakati wa mvua. Tulikwenda mara mbili. Tulinusa udongo na majani ya mkalitusi. Hatukatai, wala hatuapi. Mwingine anasema aligusa picha yake na mba ikamtoka; tulipomhoji, alikuwa pia akitumia dawa aliyoandikiwa. Ajabu tunayoweza kuiapia ni moja. Asubuhi ya kwenda kuuosha mwili, Mzee Kipyegon, ambaye tangu siku ile ya mkutano hakuwahi kukanyaga kibanda cha Namalwa, alikwenda sokoni na kusimama mbele yake, watu wote wakimtazama. Namalwa akamwuliza, "Umetumwa na nani?" Akasema, "Hakuna aliyenituma. Nilikukosea, mama. Tunaomba mafuta ya kumpaka daktari, na tunaomba uje uyapake wewe." Namalwa alifunga kibanda. Huko Kiamunyi, Namalwa na Cheptanui walimwosha Nerima, mmoja akishika mkono wa kuume na mwingine wa kushoto. Alipomaliza kumpaka uso, Namalwa alisema, "Nimekusamehe. Nilichelewa." Sote tuliokuwamo chumbani tulisikia.

Tuige mfano wake basi: tunapomtafuta mwenye kosa, tuanze kutazama mikono yetu wenyewe, na tukilikuta kosa humo, tulitaje pale pale ambapo mwingine anahukumiwa kwa ajili yake. Wewe uliyesoma mpaka hapa, usiyafungie maisha haya ndani ya sanduku. Yapeleke kwa jirani yako, na kama hajui kusoma, keti naye umsomee.