Moshi Kwenye Daftari la Binti Yangu

Mwalimu aliwapa watoto wa darasa la pili kazi ya kulinganisha mahali pawili pa kale. Pa kwanza ni kile kilima nje ya mji wa Nakuru, walikopelekwa kwa miguu kuona mashimo ya nyumba za watu wa zamani, yaliyozungushiwa mawe. Pa pili, kila mtoto achague kwao. Achore pote pawili, kisha ajibu: Nani alikaa hapa? Njia ya kufika ni ipi? Je, bado kuna watu?

Binti yangu aliponitajia maswali hayo nilikuwa naosha vyombo. Niliacha sahani majini. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, watu wa kabila letu wakisakwa na askari wa mkoloni. Maswali kama hayo nilikuwa nimeulizwa kabla, na aliyeniuliza alishika bunduki.

"Wewe umechora wapi?"

"Kwa nyanya."

Nyanya ni mama yangu. Shamba la mzungu kule Ndabibi, upande wa Naivasha, tulikozaliwa sisi, lilikuwa limefagiliwa: watu wakapakiwa kwenye malori, nyumba zikachomwa. Mama alitoroka njiani, sijui vipi, akarudi kuishi miambani nyuma ya mahame yetu, bila kibali. Mimi nilipona kwa kuwa mume wangu ni mtu wa Kisumu, kazi yake relwe, na nilijificha kwenye jina lake. Na mjinga ni mimi, maana shule zilipofungwa kwa likizo nilimpeleka mtoto akamwone.

"Umechora nini?"

"Mawe ya nyumba. Mkuyu. Njia ya kando ya kijito. Na moshi wa nyanya."

"Ukaandika?"

Akasimama wima kama yuko mbele ya darasa. "Kilimani watu walihama. Kwa nyanya watu hawajahama."

Daftari lilikuwa limeshakusanywa.

Mwalimu huyo sikuwa nimemwamini tangu siku ya kwanza. Kijana wa pwani, aliyeletwa katikati ya mwaka bila mtu kujua kwa nini. Walimu wengine huuliza watoto tatu mara tatu. Yeye alitaka njia za makwao.

Asubuhi nilimkuta mlangoni pa darasa.

"Mwalimu, nataka daftari la mtoto wangu."

"Hujambo kwanza, Mama."

"Sijambo. Daftari."

Akacheka. "Kumbe ni kweli, mwanamke aliyesoma hana muda wa salamu. Madaftari yako ofisini. Mkaguzi mzungu anayapitia leo."

"Mkaguzi ana haja gani na njia ya kwetu?"

Kicheko kikakatika. Akaingia darasani, akafungua mtoto wa meza, akanipa daftari moja tu. La binti yangu. Hakuwa amelipeleka na mengine. Nikafungua. Kilima kipo. Mawe ya kwetu yapo, mkuyu upo. Njia imefutwa. Moshi umesuguliwa kwa raba hadi karatasi inakaribia kutoboka, na sentensi ya mwisho haipo.

"Watoto huchora moshi kila mahali," akasema.

Labda ningemshukuru. Nilimuuliza, "Nani amekuambia moshi huu una maana?"

"Hakuna."

"Basi umeufutia nini?"

Alitazama nje kwanza. "Nenda nyumbani, Mama."

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda stesheni, nikapanda gari la moshi hadi Naivasha kwa pasi ya relwe, kisha nikakaza mwendo kwa miguu. Mtu anayejua cha kuficha, anajua kilichofichwa.

Mama alinisikiliza huku akizima moto kwa mchanga. "Wazungu wameshindwa kunitoa, sasa nitolewe na mtoto wa darasa la pili?" Akafunga sufuria yake mgongoni. Nilipouliza anakwenda wapi, akanikazia macho. "Usiniulize. Wewe una mtoto mwandishi."

Jumapili binti yangu alitaka kujaza mstari uliofutwa. Nilikaa naye mezani, akaandika nilivyomwambia: Kwa nyanya pia watu walihama.

Mwalimu aliweka vema kubwa kwa wino mwekundu. Hiyo vema mpaka leo siielewi.