Mkalimani wa Mama Yangu Mwenyewe

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipopewa kazi ya ukalimani kati ya ndugu yangu na mama yetu mzazi. Usicheke bado.

Ilikuwa miaka ya sabini, kwetu karibu na Keumbu. Mimi niliacha shule kidato cha pili, au shule iliniacha mimi, tuseme ukweli. Ndugu yangu Ombati alifika chuo kikuu Nairobi kusomea anthropolojia, yaani kusoma watu na mila zao. Likizo akarudi na kinasa sauti. Asipopeleka maneno ya mama aliyeolewa kimila, anafukuzwa chuo. Na eti vitabu vilisema mtafiti aulize kupitia mkalimani. Watu watatu, lugha moja, Ekegusii yetu, na mimi katikati kama kizingiti!

Mambo ya ng'ombe wa mahari Mama alijibu vizuri, huku anamenya ndizi. Halafu Ombati akaniambia kwa Kiswahili, "Muulize usiku wa kwanza wa ndoa ulikuwaje."

Jasho likanitoka. Kijana akishatahiriwa, maneno ya kitandani hayapiti tena kati yake na mzazi. Heshima hiyo tunaiita chinsoni.

"Hiyo siulizi!"

"Uliza bwana, nitafukuzwa!"

"Labda nimuulize kama ndizi zimeiva."

Tulisahau Mama anauza mboga soko la Daraja Mbili, Kiswahili anakijua kutushinda. Akaweka kisu chini, akanitazama mimi.

"Muulize huyu mgeni, kwao hakuna nyanya wa kumuuliza?"

Akatoka. Mashine ikabaki inazunguka, inanasa kuku.

Tukaenda kwa nyanya yetu, maana mjukuu na nyanya hutaniana bila mpaka. "Mume wangu mdogo, umechelewa!" akamwambia Ombati, kisha akasema yote, mpaka msomi wetu akaficha uso kwa shati. Chuo hakufukuzwa. Lakini Mama aliendelea kumwita mgeni, anampa kiti cha wageni, mpaka siku Ombati alipoketi chini jikoni, akamenya ndizi naye bila swali hata moja.

Sasa wewe nawe, baada ya kusikia hadithi hii miaka yote, jana unaniuliza mimi baba yako mambo yangu na mama yako! Mnanichosha, nyinyi wa anthropolojia! Soma, mwanangu, soma mpaka mwisho nilioshindwa kuufikia mimi. Lakini kabla ya kuuliza, jua wewe ni nani kwa huyo unayemuuliza.

Nenda kwa nyanya yako. Ndiyo, yule yule aliyeweka kisu chini. Wewe atakuambia yote, na utajuta. Nyasae, Mungu wetu, akufungulie njia, akurudishe nyumbani ukiwa mtoto wetu, si mgeni.