Siku Niliyopandisha Bluu Juu

Juzi niliona kwenye simu bendera ya nchi fulani imepandishwa kichwa chini, wakaeleza kwamba ni ishara ya kuomba msaada. Nilicheka mpaka majirani wakatoka nje. Kumbe niliwahi kuiombea msaada Tanzania nzima!

Ilikuwa zamu yetu ya bendera, mimi na Tumaini, shuleni kwetu Tunduma, mpakani na Zambia. Asubuhi ilinyesha mvua ya kuhamisha milima, kwa hiyo tuliipandisha mchana.

"Wewe! Bluu iko juu!" Tumaini alininong'oneza. "Umeipindua. Baba anasema hiyo ni vita. Leo mpaka unafungwa."

Nilivuta kamba, lakini ilikuwa imelowa, ikakwama. Tumaini akatimua mbio. Mama alikuwa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, akiuza maharage; ukifungwa, angerudije? Nilibaki chini ya mlingoti, kila lori lililonguruma barabarani nikiliona kifaru, na harufu ya dizeli nikiiita baruti.

Jioni mwalimu wa zamu alipiga filimbi, akaivuta kamba kwa nguvu, bendera ikaanza kushuka. Kama desturi, barabara nzima ilisimama wima: bodaboda, wapagazi, na mwanamke mmoja mwenye beseni la kapenta, dagaa wa Zambia, kichwani. Mama! Nilichomoka, nikamkumbatia kiunoni, nikalia.

"Simama vizuri, mwanangu, bendera inashuka," alisema bila kutikisa beseni.

Kesho yake nilichapwa viboko vitatu kwa kukimbia bendera ikishuka. Habari ya bluu hakuna aliyeiuliza, nami sikuisema. Mama alikuwa ameshavuka kurudi nyumbani.