Niliweka sauti ya marehemu kwenye wingu, kisha nikatupa laini

Kosa ni langu. Sitaki mtu aniambie eti ni teknolojia, eti ni mtandao, eti ni bahati mbaya. Ni mimi! Niacheni niseme, maana nimelibeba jambo hili muda mrefu.

Nina kibanda cha picha Kambi Muru, Kibera, hapa Nairobi. Napiga picha za pasipoti, natoa fotokopi, nahamisha video kutoka simu za watu. Moto wa Kibera mnaujua. Ukishika nyumba moja, mstari mzima unakwenda, na watu wanatoka na watoto mikononi tu. Picha za harusi, vyeti, vyote majivu. Kwa hivyo niliposikia habari za wingu nilishangilia kama mtu aliyeokoka.

Wateja nilikuwa nawaeleza hivi: wingu hili si la mvua. Ni kompyuta kubwa za kampuni fulani, ziko mbali huko, zinakutunzia vitu vyako na wewe unavifikia kwa intaneti. Simu iibwe, nyumba iungue, unaazima simu ya jirani, unaweka jina na neno la siri, vitu vyako hivi hapa. Na kuanza ni bure! Hayo yote ni kweli mpaka leo. Ila upande wa pili sikuwaambia: kwamba kitu chako kinakaa kwa mtu mwingine, kwa masharti yake, na ukipoteza ufunguo huna chako. Sikuwaambia kwa sababu hata mimi sikuyasoma hayo masharti.

Baba Naliaka ni jirani yangu, fundi wa mbao, mtu wa Bungoma. Mkewe, siku zake za mwisho za ugonjwa, alijirekodi video kwa simu akiongea na binti yao Naliaka, ambaye alikuwa bado ananyonya. Akamwambia mumewe asiifungue. Ni ya mtoto, aonyeshwe akipata akili. Mama wa watu akafariki. Simu ile ilipoanza kuzimika ovyo, Baba Naliaka akaniletea.

"Boss, hii ndiyo kitu pekee mtoto ameachiwa. Unaweza niwekea mahali haitapotea?"

"Wee tulia. Nikiweka kwa cloud, hata Kibera yote ichomeke, hiyo itabaki."

Nikaiweka kwenye akaunti yangu, pamoja na vitu vya wateja wote; simu yenyewe baadaye ikafa kabisa. Na akaunti hiyo, ole wangu, niliifungua kwa laini ya simu niliyonunua kwa ajili ya bando za intaneti za bei rahisi! Bando zilipoisha utamu, nikaitupa laini. Sisi hapa tunabadilisha laini kama soksi.

Baadaye stima ikapotea, na umeme uliporudi ukaja na nguvu, ukaunguza kompyuta yangu. Nikapata nyingine, nikajaribu kuingia, nikaambiwa namba za kunithibitisha zimetumwa kwa ile laini. Nikafungua akaunti mpya kwa wateja wapya, nikanyamaza. Miaka ikapita hivyo!

Agosti, Baba Naliaka akaja akicheka. Desemba wanajengea kaburi la mkewe kule nyumbani Bungoma, kutakuwa na maombi, na Naliaka sasa amekuwa msichana wa kuelewa.

"Nitolee ile video kwa flashi. Huyu mtoto hajui hata mamake aliongea aje."

Nikamwambia network imelala, aje kesho. Uongo mtupu!

Nikapiga ile namba yangu ya zamani. Ikaita! Kampuni ya simu ilikuwa imeiuza upya kwa mama mmoja anayeuza nguo za watoto Kawangware. Nikamfuata huko. Ningemwambia ukweli tu, jamani. Lakini niliona haya, nikajifanya mfanyakazi wa kampuni ya simu, hata kitambulisho cha bandia nikavaa shingoni. Nikabonyeza simu yangu kuomba kuingia kwenye akaunti, na yake ikalia palepale mkononi mwake. Zile namba zilikuwa zimefika.

"Nisomee hiyo code, mathe, tunarekebisha laini yako."

"Ati nikusomee code? Unadhani mimi ni fala? Watu wangu, kujeni muone conman!"

Na hakukosea. Kila mtu Nairobi ameonywa asimsomee mtu asiyemjua namba hizo. Nilikimbia mpaka kiatu kimoja kikabaki huko.

Nikamzungusha Baba Naliaka miezi. Novemba akaja, akakaa kwenye stuli, akasema leo hatoki. Nikamwambia kila kitu. Hakunipiga. Alisema tu, "Twende kwa huyo mama."

Alimweleza yule mama kwa maneno machache. Mama akafuta machozi, akatoa simu yake.

"Si ungeniambia tu hivyo, kijana? Aki singekunyima."

Tukaandika jina la akaunti, sote watatu tumeinamia kioo. Hakuna namba zilizokuja. Tukaambiwa akaunti hiyo haipo. Akaunti ya bure isipofunguliwa muda mrefu hufutwa, na maonyo nadhani waliyatuma humo humo nisimoweza kuingia. Lakini Agosti ilikuwapo! Siku niliyomdanganya yule mama, ilikuwapo!

Kaburi limeshajengewa. Siku hizi Naliaka hupita kwangu akitoka shule, kwa sababu babake alimwambia mimi ndiye niliyeifungua ile video.

"Uncle, mum alisema nini?"

Siku ile ya kuiweka kwenye wingu nilisikiliza mwanzo tu, kuhakikisha sauti inatoka. Alikohoa, akacheka, akasema, "Naliaka, mama, skiza." Nikazima, kulikuwa na mteja mlangoni.

Wewe unayesoma, tumia wingu, sikukatazi. Lakini laini iwe unayoitumia, akaunti uifungue mara kwa mara, na nakala nyingine iwe kwenye flashi kwa mwenyewe. Na ukipoteza kitu cha mtu, mwambie siku hiyo hiyo, hata akutukane. Mimi nilichelewa. Mtoto akija namwambia yale machache niliyosikia, na kesho yake anarudi kuniuliza kama nimekumbuka mengine.