Mbao Mbichi za Kaptagat

Mashua iliachana mbao kwenye maji marefu, kijiji kizima kikitazama. Nilikuwa ndani. Baba alikuwa anatoa maji kwa kibuyu, akaniangalia mara moja, akaendelea kuteka. Yeye na mdogo wangu hawakurudi. Mimi nilishika ubao mmoja, nikabaki.

Kijiji chetu kiko kando ya ziwa, huko Nyanza. Sisi ni watu wa kuvua na kuunda mashua tangu babu ya baba yangu. Watu walivuka kutoka ng'ambo kuja tu kutazama mashua mpya ikisukumwa majini kwa nyimbo, samaki wakichomwa hapo hapo. Na kwetu fundi hatoi mashua kwa mwenyewe kabla hajaipanda yeye na wanawe. Ndiyo sababu tuliaminiwa.

Halafu chifu akatukataza kukata miti. Baba akaagiza mbao huku Eldoret, kwa mzungu anayepasua mbao Kaptagat, kwa sababu mimi nilikuwa kibarua wa mzungu huyo. Barua ilisema wazi: mbao kavu, za mashua.

Zile tulizopakia zilipasuliwa wiki ileile. Ukipiga msumari, maji yanatoka. Nikamwambia mnyapara.

"Wewe mtu wa omena," akasema, akidharau dagaa wa kwetu, "si zinaenda kwa maji? Wacha ziloe mapema."

Vibarua wakacheka.

"Mnyapara, hizi zikikauka zitaachana. Watu watakufa."

Mzungu alikuwa amesimama karibu, na Kiswahili anakijua. Akasema, "Piga muhuri."

Muhuri wa mbao kavu. Niliupiga kwa mkono wangu huu. Niliogopa kufukuzwa.

Baba aliona mbao ni nzito. Akawaambia watu miti ya nchi ya baridi ndivyo ilivyo, na mtoto wake hawezi kumtumia kitu kibaya. Nilipofika likizo, mashua ilikuwa imekaa juani mwezi mzima, nyufa zimezibwa kwa pamba na lami. Nikataka kusema. Baba akanishika bega: "Panda mbele, bwana. Mbao ni zako."

Nikapanda.

Mnyapara sasa ana duka Ainabkoi. Mzungu bado anapasua miti. Mimi kosa langu nimelisema mbele ya mama, na mpaka leo hanisemeshi. Nyinyi wawili, mnyapara na mzungu, bado hamjasema lenu. Shukeni Nyanza, mkae mbele yake, mmweleze kwa nini mlisema mbao zile ni kavu.